Tuulizane Kabla ya Kuchimba Msingi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, viatu, glavu, vumbi na maji safi. Ni mambo ya lazima, na tutayarudia. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalokuja kabla ya kofia, nalo ni mpango wa ujenzi: nani anaufanya, nani anaulizwa, na nani ana ruhusa ya kuubadilisha kazi ikiisha kuanza.

Mtu wa mgodi anaweza kusema: «Kazi yangu ni kuchimba mawe, ujenzi unanihusu nini?» Unakuhusu sana. Mahali pa madini ni mahali pa kujenga siku zote. Leo ni barabara ya kufika mgodini, kesho ni ghala, kesho kutwa ni nyumba za kambi, vyoo, dispanseri, shule, chumba cha mashine. Mji wa Butembo wenyewe ulikua ukizunguka kituo cha kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, yaani MGL, iliyofika katika miaka ya 1920. Mwaka 1976 MGL na kampuni nyingine za madini za Kivu ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Kampuni hizo zimekwisha, lakini kazi ya kujenga haikwisha. Mwezi wa Juni 2021 Kongo na Uganda zilizindua mpango wa barabara tatu zenye urefu wa kilomita 223, na katika hizo kilomita 80 ni za Kasindi mpaka Beni, na 54 ni za Beni mpaka Butembo. Penye ujenzi mkubwa kama huo, pana watu wengi wanaoweza kuumia au kuokolewa kwa sababu ya mpango.

Mawazo yangu ni haya, nami nayasema wazi: hatari nyingi katika ujenzi huzaliwa siku ya kupanga, si siku ya ajali. Mpango unaofanywa na watu watatu ofisini, bila kumwuliza anayejenga wala atakayeingia ndani ya jengo, huleta taabu hata kama watu hao watatu wana akili na nia njema. Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Sisi watu wa Beni na Butembo tunao, na tuliupata kwa machozi.

SOMO LA MIAKA YA EBOLA

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilianza kuonekana Mangina, si mbali na Beni, ikafika Beni mjini, kisha Butembo na Katwa, ikavuka mpaka Ituri. Ulipotangazwa mwisho wake tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 wamekufa. Duniani kote ni mlipuko mmoja tu wa Ebola uliokuwa mkubwa kuliko huo, ule wa Afrika ya Magharibi wa mwaka 2014 mpaka 2016.

Ugonjwa ulipoingia, ilibidi kujenga upesi sana. Vituo vya kutibia wagonjwa vilisimamishwa kwa mahema, miti, mbao na karatasi za plastiki. Palikuwa na uzio wa ndani na uzio wa nje, njia ya kuingilia wauguzi na njia ya kutokea, mahali pa kuvaa na mahali pa kuvua. Kwa mafundisho ya dawa, mpango ulikuwa sawa. Kila uzio ulikuwa na maana yake: kuzuia ugonjwa usitoke ndani.

Lakini tazama jambo hilo kwa macho ya mama aliyesimama nje. Mtoto wake amechukuliwa kwa gari na watu waliovaa mavazi yanayofunika mwili mzima, hata uso hauonekani. Ameingizwa nyuma ya plastiki. Mama haoni kitanda, haoni sindano, haoni chakula. Baada ya siku chache anaitwa kuambiwa kwamba mtoto amekufa. Mtu huyo ataamini nini? Maneno mabaya yalienea mitaani kwamba huko ndani watu wanauawa, kwamba viungo vyao vinatolewa, kwamba ugonjwa ni biashara. Wagonjwa wengine walijificha nyumbani, na waliojificha waliambukiza ndugu zao.

Nisieleweke vibaya. Plastiki peke yake haikuleta hasira yote. Watu wa Beni walikuwa wameona mauaji tangu Oktoba 2014, na waliuliza kwa nini magari mengi yalikuja kwa Ebola tu, wakati hayakuja kwa panga. Tena mwezi wa Desemba 2018 ilitangazwa kwamba uchaguzi hautafanyika Beni na Butembo kwa siku ile ya taifa zima, na sababu moja iliyotajwa ilikuwa Ebola. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha kupokea wagonjwa Beni. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 27 Februari ikawa zamu ya kituo cha Butembo. Shirika la Médecins Sans Frontières, lililokuwa likifanya kazi katika vituo hivyo, lilisimamisha kazi yake pale. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, aliuawa kwa risasi Butembo, ndani ya hospitali.

Hakuna jengo linaloweza kumaliza vita au kurudisha kura. Lakini jengo linaweza kuongeza shaka, au kuipunguza. Tarehe 7 Machi 2019, daktari Joanne Liu, aliyekuwa mkuu wa Médecins Sans Frontières, alisema mbele ya waandishi wa habari huko Geneva kwamba kazi ya kupambana na Ebola haishindi kwa sababu watu hawaiamini. Maneno hayo yalikuwa magumu, kwa maana pesa zilikuwapo, chanjo ilikuwapo, magari yalikuwapo. Kilichopungua ni kuulizana.

UKUTA UNAOONEKANA NDANI

Sasa tusikie habari ya upande mwingine. Katika mwaka ule ule wa 2018, shirika la ALIMA lilileta Beni chumba cha namna mpya, kinachoitwa CUBE. Ni chumba cha mgonjwa mmoja, na kuta zake ni za plastiki ya kuonekana ndani kama kioo. Ukutani zimeshonewa mikono mirefu ya mpira. Muuguzi akisimama nje anaingiza mikono yake humo, anampima mgonjwa, anamtia sindano, bila kuvaa yale mavazi mazito. Ndugu zake nao wanaweza kusimama karibu, wakamwona, wakazungumza naye.

Wazo hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwa watu waliofanya kazi katika Ebola ya Afrika ya Magharibi. Muuguzi aliyevaa mavazi yale ya kufunika mwili wote hawezi kukaa ndani muda mrefu. Joto linamtoa, mara nyingi baada ya saa moja hivi. Akitoka, mgonjwa anabaki peke yake. Kwa hiyo walioumia kwa jengo la zamani ndio walioeleza kasoro yake, na jengo jipya likachorwa kufuata taabu yao.

Hayakuwa mabadiliko ya ukuta tu. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, walipewa kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Vyumba vya kulelea watoto vilijengwa jirani na vituo, Beni na Butembo. Katika mwaka 2019 sehemu ya kazi ya kutenga na kupima wagonjwa ilianza kurudishwa katika vituo vya afya vya kawaida, karibu na makwao, mahali ambapo muuguzi anajulikana kwa jina. Mwezi wa Julai mwaka huo uongozi wa kazi nzima alipewa profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani ambaye ameijua Ebola tangu ilipoonekana mara ya kwanza Yambuku mwaka 1976.

Ni kweli pia kwamba chanjo ilifanya kazi kubwa, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na mwezi wa Agosti 2019 dawa mbili zilionekana kuokoa wagonjwa. Siwezi kusema kwamba ukuta wa kuonekana ndani ndio uliomaliza ugonjwa. Nasema hivi: dawa haimponyi mtu aliyejificha chini ya kitanda chake. Ili atoke, lazima aamini mlango anaoambiwa aingie. Ebola iliporudi upande wa Butembo mwezi wa Februari 2021, waliosimama mbele walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa hapa hapa, waliojifunza katika ile kubwa. Walikuwa na chanjo na dawa, na walikuwa wanajua nani wa kuulizwa. Mlipuko ule ulikwisha mwezi wa Mei, na watu 12 tu ndio waliougua.

MAMBO MATANO YA KUBADILI KWETU

Sasa turudi mgodini. Kila mara kampuni inapojenga, inajenga juu ya maisha ya watu. Naomba tubadili njia yetu kwa mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya.

Kwanza: kamba kabla ya jembe. Kabla ya kuchimba msingi, tupige vigingi na kufunga kamba, jengo lote lionekane chini kwa ukubwa wake. Kisha tuite watu waje wakanyage: fundi atakayejenga, kapita, muuguzi wa dispanseri, mama wawili watatu wa kambi, na mzee anayejua maji ya mvua yanapita wapi. Hapo ndipo mama atasema: «Choo hiki mmekiweka mbali na taa, binti yangu hatakuja hapa usiku.» Mzee atasema: «Hapa chini kuna chemchemi.» Na kanuni inajulikana: choo cha shimo kikae mbali na maji ya kunywa angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko, si wa juu. Kamba inahamishwa kwa dakika tano. Ukuta wa matofali hauhamishwi.

Pili: tuangalie jengo gani linatangulia. Mara nyingi ofisi inajengwa kwanza, kisha ghala, na mahali pa kuoga wafanyakazi panangojea mpaka pesa zibaki. Na pesa hazibaki. Wakati huo baba anarudi nyumbani na vumbi la mawe katika nguo. Vumbi lenye silika linaharibu mapafu polepole, na mtu mwenye ugonjwa huo wa vumbi anakamatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mama anakung'uta suruali ile mlangoni, mtoto yupo mgongoni. Kwa hiyo naona mahali pa kuoga na kubadilia nguo pawe jengo la kwanza, kati ya mgodi na kambi, si la mwisho. Hapo nguo za kazi zibaki na zifuliwe huko huko. Jambo hili si la injinia wala la pesa nyingi. Ni la kupanga tu kipi kianze.

Tatu: kazi isianze mpaka vyote viwepo. Fikirieni handaki la msingi. Limechimbwa Jumatatu kwa sababu watu walikuwapo. Mawe na sima havijafika, lori limekwama njiani. Handaki linabaki wazi Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mvua inanyesha, kama inavyojua kunyesha katika milima yetu. Udongo umelowa, kuta zake zimelegea. Ijumaa mawe yanafika, na kapita anawaambia watu waingie upesi ili kufidia siku zilizopotea. Mita moja ya udongo kila upande, yaani meta kubu moja, ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtu akifunikwa mpaka kifuani hawezi kuvuta pumzi, hata kama kichwa kiko nje. Watu watasema ni ajali. Lakini hatari ilianza Jumatatu, pale tulipochimba bila kujua mawe yatafika lini. Basi kabla ya kuchimba tuulize: mawe yapo? Sima ipo? Miti ya kushikilia kuta ipo? Ngazi ipo? Na tukianza, udongo unaotolewa uwekwe mbali na ukingo, si chini ya sentimita 60, na handaki lizungushiwe uzio kwa ajili ya watoto.

Haraka ya namna hiyo huua juu pia, si chini tu. Zege linaendelea kukaza kwa majuma, na mafundi hupima nguvu zake kwa siku 28. Anayeng'oa miti ya kushikilia mapema kwa sababu miti hiyo inatakiwa kwa jengo la pili, anaweka uhai wa watu rehani. Jukwaa la miti ya kalitusi lililofungwa kamba likaguliwe kila asubuhi, na tena baada ya kila mvua kubwa, kwa maana kamba ikilowa na kukauka hulegea.

Nne: ahadi ya juma. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, Glenn Ballard na Greg Howell walihesabu kazi zilizopangwa kila juma katika ujenzi, wakaona kwamba karibu nusu tu ndizo zilizomalizika kama zilivyopangwa. Hayo ni makampuni makubwa yenye injinia wengi! Dawa waliyoitoa ni nyepesi. Kazi ya juma isipangwe na mkubwa peke yake. Ipangwe pamoja na makapita na mafundi ambao mikono yao itaifanya. Kila mmoja aahidi kile anachoweza, na awe na ruhusa ya kusema «hapana, siwezi, sina vifaa.» Mwisho wa juma ahadi zihesabiwe: ngapi zimetimizwa, ngapi hazikutimizwa, na kwa nini. Angalieni vizuri: swali ni «kwa nini», si «ni nani». Tukianza kutafuta wa kulaumiwa, juma lijalo kila mtu atasema uongo.

Kwetu ubao mmoja mweusi na chaki vinatosha. Andikeni mistari mitatu: kazi yenyewe, kinachopungua, na aliyeahidi. Uwekwe mahali wote wanapopita, si ndani ya ofisi. Na wale wafanyakazi wa siku, pamoja na watu wa makampuni madogo waliopewa sehemu ya ujenzi, nao waje mbele ya ubao. Mara nyingi wao ndio wanaopanda juu zaidi na kuingia chini zaidi, nao ndio wasioulizwa kitu.

Tano: haki ya kusema «simama». Katika viwanda vya magari vya Toyota, kule Japani, mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, na kazi inaweza kusimamishwa mpaka itengenezwe. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1995 juu ya usalama wa migodi, unasema mfanyakazi ana haki ya kuondoka mahali anapoona kwa sababu ya kweli kwamba pana hatari kubwa kwa uhai au afya yake. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 nayo inataka kamati ya usalama na usafi katika makampuni. Basi kamati hiyo isiwe ya kutia sahihi tu. Iwepo siku ya kamba, iwepo mbele ya ubao, na iwe ya kwanza kumtetea mtu aliyesema «simama», hata kama baadaye ilionekana kwamba hatari haikuwa kubwa. Ukimwadhibu mmoja kwa kupiga kelele bure, utawanyamazisha mia siku ya hatari ya kweli.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Najua maneno yatakayokuja. Ya kwanza: «Kuulizana kunachelewesha.» Ndiyo, kunachukua alasiri moja, pengine mbili. Lakini choo kisichotumiwa na mtu kimechelewesha zaidi, kwa sababu kitajengwa mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ya pili: «Injinia amesoma, fundi hakusoma.» Ni kweli, wala simwombi injinia apige kura juu ya ukubwa wa nguzo au idadi ya nondo. Hesabu ni hesabu, na anayeibadilisha kwa kelele za watu anawaua. Lakini injinia hajui kwamba njia ile inapitwa na watoto wa shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hilo analijua mama muuza mihogo. Elimu hizo mbili hazipigani. Kila moja ina mahali pake.

Ya tatu: «Ukiwauliza watu, wataomba kila kitu.» Wataomba, na mengine hayatawezekana. Basi waambiwe hapana, na sababu yake iandikwe ubaoni. Mtu mzima anaweza kuvumilia neno hapana lenye sababu. Asichovumilia ni kimya. Kimya ndicho kilichojaza mitaa ya Butembo maneno mabaya katika mwaka 2019.

Ya nne inasemwa kwa sauti ya chini: «Kazi ikichelewa, mkubwa atanikasirikia mimi kapita.» Hapa ninasema na wakubwa wetu. Kapita hawezi kuwa mlinzi wa usalama wakati sifa na zawadi yake inahesabiwa kwa mita zilizojengwa peke yake. Mkimpima kwa mita, atawapa mita. Mpimeni pia kwa ahadi zilizotimizwa na kwa hatari zilizotajwa mapema.

KILA MMOJA NA SEHEMU YAKE

Wewe mfanyakazi: usiingie ndani ya handaki ambalo kuta zake hazikushikiliwa, hata kwa dakika moja, hata kwa kuchukua koleo lililoanguka. Sema. Ukiona ubao hauna jina la mtu aliyeahidi kuleta miti, uliza.

Wewe kapita: anza kila asubuhi kwa dakika tano za mazungumzo. Tutafanya nini leo? Kitu gani kinaweza kutuumiza? Nani ameona badiliko tangu jana? Kisha sikiliza, hata yule kijana aliyeajiriwa juzi. Mgeni huona kile ambacho wenyeji wamezoea.

Ninyi mama: wakifunga kamba kambini, tokeni mkaitazame. Msingoje paa lipande ndipo mnung'unike. Maji, choo, moshi wa jikoni, njia ya watoto, hayo ni mambo ya usalama kama vile kofia ya baba, na ninyi ndio mnaoyajua.

Ninyi wakubwa wa kazi: mnatumia pesa nyingi kwa ramani. Tumieni alasiri moja kwa watu. Mji wa Beni na mji wa Butembo vililipa gharama kubwa ili kujifunza kwamba jengo lililosimamishwa bila wenyeji linaweza kuchomwa, na lile linalomwacha ndugu amwone ndugu yake linaweza kuaminiwa. Sisi hatuna sababu ya kulipa tena ili kujifunza jambo lile lile.

Kofia ivaliwe kila siku. Lakini kabla ya kofia, kamba. Na kabla ya kamba, swali.

USALAMA UNAANZA SIKU YA MPANGO. TUULIZANE!